Pete Ndani ya Bahasha ya Arobaini na Moja

Kazini walimwita Bwana Bahasha, naye, masikini, alidhani ni heshima. Alikuwa mtaalamu wa jiokemia. Kazi yake ilikuwa kutafuta madini ya urani kwa kuusoma udongo wa juu, na kila alichookota alikitia kwenye bahasha ndogo ya kaki, akaiandika namba, akaifunga. Udongo, bahasha. Majani makavu, bahasha. Alipong'oka jino kambini, jino nalo likaingia kwenye bahasha na kupewa namba, na mpishi aliyethubutu kucheka akaambiwa kwa ukali kwamba kitu kisicho na namba ni kitu kilichopotea.

Hiyo ilikuwa sheria ya kwanza. Ya pili ilikuwa kali zaidi: hakuna mapambo karibu na mashimo. Si pete, si bangili, si mkufu.

"Sisi tunatafuta chembe moja ndani ya milioni," aliwaambia wafanyakazi kila asubuhi, mpaka wakawa wanaimaliza sentensi kabla yake. "Pete yako ikikwaruza udongo, maabara itasoma pete, haitasoma ardhi!"

Dereva mmoja alirudishwa mjini kwa sababu ya kibangili alichovalia maumivu ya kiwiko. Dereva hakuwa amechimba shimo lolote. Alikuwa amekaa kwenye gari amelala. Haidhuru, alirudishwa.

Sasa, Bwana Bahasha mwenyewe alikuwa na pete ya ndoa, na si pete ya mchezo. Ilikuwa ya marehemu baba mkwe wake, ya dhahabu tupu, na mama mkwe ndiye aliyemvalisha kwa mkono wake siku ya harusi, mbele ya watu wote. "Hii ni mume wangu," alimwambia. "Siku nikiukuta mkono wako hauna hii pete, binti yangu namrudisha nyumbani." Watu walicheka wakidhani ni utani wa harusi. Bwana Bahasha hakucheka, kwa sababu alikuwa amemtazama yule mama machoni. Na tangu siku hiyo, kila mama mkwe alipokuja kuwatembelea, kabla hata ya kuuliza habari za nyumbani, alisema, "Lete mkono."

Kwa hiyo kila alipofika kambini alijificha nyuma ya hema, akaivua pete, akaitia kwenye bahasha, na bahasha akaitia mfuko wa shati. Bahasha hiyo hakuiandika kitu. Angeandika nini? Aandike "pete" ili wafanyakazi waone? Hivyo ndivyo mtu wa namba alivyotembea na bahasha isiyo na namba kifuani mwake, tena siku zote, na akalala usingizi mnono.

Jambo jingine dogo. Kidole kile kilikuwa na alama ya kijani, mzunguko mzima, pale pete inapokaa. Bwana Bahasha aliiona, akaitafakari sana, akatoa uamuzi wa kitaalamu kwamba udongo wa bonde lile una chumvi za shaba. Aliliandika hilo hata kwenye ripoti.

Bonde lenyewe lilikuwa la kale, la zamani za kabla ya mtu kuumbwa, ambako mito iliyokwishakufa ilimwaga mchanga tabaka juu ya tabaka mpaka mchanga ukawa mwamba. Urani husafiri ndani ya maji yenye hewa kama sukari ndani ya chai: ipo, lakini huioni. Maji hayo yakipenya chini na kufika mahali penye magogo na majani yaliyooza tangu enzi hizo, hewa inakwisha, na urani inashuka na kukaa. Tena haikai peke yake. Inafuatana na wenzake, vanadi na molibdenamu, kama mtu mkubwa na wapambe wake, na ukiwakuta wapambe kwenye udongo wa juu, ujue mwenyewe hayuko mbali. Bwana Bahasha aliweza kueleza haya kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na mkewe alikwisha kumsikiliza mara nyingi huku akishona.

Tatizo ni kwamba wapambe hawakuonekana. Shimo baada ya shimo, hakuna kitu, na mkurugenzi wa kampuni, ambaye kabla ya hapo alikuwa akiuza vigae na kwa udongo alijua rangi tu, alikwisha kusema wazi kwamba awamu hii ikitoka patupu anafunga kazi.

Shimo la mwisho lilikuwa la arobaini na moja. Wingu lilikuwa limetanda, upepo unapeperusha mahema, wafanyakazi wanapiga kelele waondoke. Bwana Bahasha alichekecha udongo wake haraka haraka, akautia kijiko kimoja kwenye bahasha, akaipachika mfuko wa shati na kukimbia. Kwenye gari alitoa bahasha, akaandika arobaini na moja, akaiweka kwenye sanduku pamoja na nyingine, akalifunga kwa mkono wake. Sanduku likaenda maabara jioni ile ile. Yeye alibaki kufunga kambi na kuchora ramani zake.

Wiki ilipokwisha, akiwa njiani kurudi nyumbani, alitoa ile bahasha nyingine ya mfukoni ili avae pete. Aliikung'uta kiganjani. Likamwagika vumbi.

Alitazama vumbi, vumbi nalo likamtazama. Kwa mazoea ya kazi alilirudisha lote kwenye bahasha, hata lililonasa kwenye mistari ya kiganja, halafu ndipo alipoelewa kwamba pete imekwenda maabara.

Alimpigia simu mkuu wa maabara. Hawa wawili walikuwa hawapatani. Mwaka uliotangulia, kijana mmoja wa maabara alikuwa ametoa kokoto kwenye sampuli na kuitupa, na Bwana Bahasha alikuwa amewasha moto usiozimika. Alimfokea mkuu wa maabara mbele ya watu kwamba kinachoingia kwenye bahasha yake ni mali ya sayansi, hakitolewi, kiwe kokoto, kiwe kucha.

"Kaka, habari za kazi," alisema sasa kwa sauti ya asali. "Ile namba arobaini na moja, mmekwisha kuifungua?"

"Tumekwisha."

"Na... hamkuona kitu cha ajabu?"

"Sisi hatuoni, tunapima. Si maneno yako hayo?"

"Kaka, humo mlikuwa na pete."

"Ilikuwemo, ndiyo. Vijana walitaka kuitoa. Nikawaambia, thubutuni! Mwenyewe alisema kisitolewe kitu. Tumeitia kwenye asidi leo asubuhi."

Bwana Bahasha aliegemea kioo cha gari. "Imeyeyuka?"

"Yote. Imetoa maji mazuri sana. Ya kijani."

"Nimekwisha, kaka. Basi matokeo yake yafute, nakuomba."

"Maabara yangu haifuti matokeo. Hilo nalo ulitufundisha wewe." Simu ikakatwa.

Aliinamisha kichwa. Kisha kichwa kikainuka polepole. Ya kijani? Dhahabu ukiiyeyusha, maji yanakuwa ya njano, hata mwanafunzi anajua. Maji ya kijani ni ya shaba. Akatazama kidole chake na ule mzunguko wa kijani, na kwa mara ya kwanza hakufikiria udongo.

Shaba! Miaka yote hii mama mkwe anamshika mkono na kumkagua kama askari wa mpakani, kumbe kamvalisha kitu cha kutengenezea vitasa vya milango! Hofu ilimtoka, ikaingia hasira, na hasira ikamfikisha mpaka mlangoni kwake. Alipomwona mkewe ikayeyuka, hofu ikarudi mahali pake. Maana atamwambia nini? Mama yako tapeli? Alifunga kidole bendeji nene kabla ya kuingia.

Mkewe alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha.

"Umeumia?" aliuliza.

"Jiwe."

"Pole," akasema, akaendelea kushona. Hakuomba kuona, hakuuliza jiwe gani. Bwana Bahasha alishusha pumzi na kujisifu moyoni kwamba mambo yamepita. Mwanaume mzima!

Jumamosi mama mkwe akaingia na mikoba yake. Aliketi kwenye kochi, akavua viatu, akajipepea kidogo kwa leso.

"Lete mkono," alisema.

"Mama, shikamoo. Nimeumia kidole, mama."

"Marahaba. Lete nione jeraha."

"Limefungwa, mama, daktari amesema..."

Mama mkwe alikwisha kuushika mkono. Alianza kuifungua bendeji, anazungusha na kuzungusha, na bendeji ilikuwa ndefu kwa sababu Bwana Bahasha hafanyi kazi nusu nusu. Rundo likajaa mapajani. Mwishoni kikatokea kidole kizima, kinene, kimenona, na mzunguko wake wa kijani. Mama mkwe alikigeuza upande huu na huu.

"Jeraha liko wapi?" aliuliza kwa upole. Upole wake ulikuwa wa kutisha kuliko kelele. "Na pete iko wapi?"

Bwana Bahasha alikuwa amejiapiza kunyamaza. Alijikaza kisabuni. Lakini alipoona lile jicho, kitu kikamkatikia ndani.

"Mama, pete ile ni shaba."

"Unasemaje?"

"Shaba, mama. Imeyeyushwa, imetoa maji ya kijani. Miaka yote unanikagua mkono kwa ajili ya kitasa cha mlango!"

Ebo! Mama mkwe alisimama, bendeji ikamning'inia begani. "Mume wangu, kitasa?" alisema. "Mume wangu aliyeivaa mpaka anazikwa nikaivua mimi mwenyewe, kwa mikono hii? Umeipoteza, umeiuza, umempa mwanamke wako huko porini, sijui! Halafu unamtukana marehemu ndani ya nyumba ya mwanawe! Binti, funga nguo zako. Tunaondoka."

Cherehani iliendelea kulia pale dirishani, taratibu, kana kwamba nyumba iko salama.

Hapo ndipo mlango ulipogongwa, na kabla hajajibu mtu, mkurugenzi akaingia na kreti la soda begani, jasho linamtiririka, uso unang'aa.

"Shaba!" alipiga kelele. "Asilimia sitini na tatu shaba! Na zinki juu yake!"

Mama mkwe alimgeukia Bwana Bahasha. "Umewatangazia mpaka kazini?"

"Kila mtu atajua, mama!" mkurugenzi alisema kwa furaha akilitua kreti. "Nimekwisha kuwaambia wenye hisa. Urani tuachane nayo, imetuchosha. Jumatatu naleta mitambo tuchimbe pale pale, shimo la arobaini na moja. Mtaalamu, njoo nikukumbatie! Hivi kuna mahali popote duniani udongo una shaba asilimia sitini na tatu?"

"Hakuna, bosi," alisema Bwana Bahasha.

"Sisi wa kwanza!"

"Bosi, hakuna kwa sababu si udongo. Ni pete yangu."

Mkurugenzi alitabasamu akisubiri utani umalizike. Haukumalizika. Bwana Bahasha alieleza yote, pete, bahasha isiyo na namba, wingu, asidi, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuwa mdogo. Alimkumbuka dereva wa kibangili. Mkurugenzi alikaa juu ya kreti la soda, akashika tama.

"Wewe," alisema. "Wewe wa chembe moja ndani ya milioni."

"Mimi, bosi."

Cherehani ikanyamaza.

Mkewe alikata uzi kwa meno, akasimama, akaenda chumbani. Mama mkwe alidhani anafunga nguo. Bwana Bahasha pia alidhani hivyo, akashika ukuta. Hakufikiria pete, wala urani, wala kazi. Alifikiria sebule hii bila cherehani pale dirishani, akahisi machozi.

Mkewe alirudi na kopo lake la nyuzi. Alilifungua, akapangua nyuzi nyeupe, akapangua nyeusi, akatoa kitambaa kilichokunjwa, na ndani ya kitambaa mlikuwa na pete. Ilikuwa nzito, rangi yake imetulia. Aliiweka kiganjani mwa mama yake.

Mama mkwe aliitazama. Akaipitisha kidole ndani, pale ilipolika kidogo kwa kuvaliwa maisha ya mtu. Akakaa chini.

"Mara ya kwanza niliikuta kwenye mfuko wa suruali, nafua," mkewe alisema. Alisema na mumewe, lakini alitazama pete. "Mara ya pili kwenye sahani ya sabuni. Mara ya tatu niliikuta kwenye mfuko wa mkate, mume wangu. Nikasema, huyu ataipoteza pete ya baba, na akiipoteza mama atanirudisha kweli, nami sitaki kurudishwa. Nikaenda kwa sonara, akanitengenezea inayofanana nayo. Nikakuwekea ile, hii nikaificha."

"Lini?" Bwana Bahasha aliuliza.

"Miaka mitatu sasa."

"Miaka mitatu!"

"Wiki ya kwanza nilikaa nikisema leo ataiona. Nyepesi, rangi si ile, inapaka kidole kijani. Nikajitayarishia na maneno ya kukueleza. Mwezi ukapita. Ukaja siku moja ukanionyesha kidole, nikasema moyoni, haya, sasa kaiona. Ukaniambia ni udongo." Aliinua macho. "Unaona chembe moja ndani ya milioni, huko chini ya ardhi. Mimi niko hapa juu. Iliniuma, sitakuficha."

Hakuna aliyecheka. Hata mkurugenzi alitazama viatu vyake.

Bwana Bahasha alipiga magoti. Alianza kwa mama mkwe, maana ndiye aliyemtukania marehemu, akaomba msamaha kwa kirefu, na mama mkwe akamwacha apige magoti mpaka magoti yenyewe yakalalamika. Kisha akamwambia ainuke, ila kitasa hatakisahau mpaka kaburini. Halafu akamgeukia mkewe aombe na kwake. Mkewe alimgusa bega tu, akarudi kwenye kiti chake.

"Kwa hiyo tumebaki na nini?" mkurugenzi aliuliza kwa huzuni, akifungua soda. "Arobaini patupu, na pete."

Hapo Bwana Bahasha akashtuka. Arobaini! Basi shimo la arobaini na moja halijapimwa. Alikimbilia shati lake la safari, bado halijafuliwa, akaitoa ile bahasha yenye vumbi. Mbele ya watu wote akaandika namba juu yake.

Mkuu wa maabara alipoipokea aliuliza swali moja tu: kama safari hii ndani yake kuna hereni.

Majibu yalirudi baada ya siku chache. Vanadi imo. Molibdenamu imo. Na katikati yao, kidogo lakini bila shaka yoyote, urani. Si mgodi, Bwana Bahasha alimtahadharisha mkurugenzi, ni dalili tu, na kati ya dalili na mgodi kuna safari ndefu. Mkurugenzi hakusikia lolote baada ya neno la kwanza. Kazi haikufungwa, na dereva wa kibangili aliitwa arudi, akiwa na kibangili chake, ila kwa sharti akae garini.

Jioni hiyo Bwana Bahasha alirudi nyumbani mbio, habari imemjaa mdomoni. Alifungua mlango akitaka kupiga kelele. Mkewe alikuwa dirishani, anashona. Akasimama pale pale. Habari akaimeza kwanza. Akavuta kigoda, akaketi mbele ya cherehani na kumtazama mkewe, polepole, kama anavyotazama udongo kwenye chekecheke.

"Nini?" mkewe aliuliza.

"Ngoja. Kuna kitu. Miwani hiyo ni mpya."

"Ya mwaka jana."

"Nywele umepunguza."

"Kabla hujaenda kambini."

Jasho lilimtoka. Hakuacha. Alitazama shingo, mabega, akashuka mikononi, akaushika mmoja na kuugeuza kuelekea mwanga. Kwenye ncha ya kidole gumba palikuwa na kidonda kidogo sana, chembe tu.

"Sindano imekuchoma hapa," alisema. "Juzi."

Cherehani ilikuwa imesimama. Mkewe aliutazama mkono wake ndani ya mkono wa mumewe, na ile pete nzito ya baba iliyorudi mahali pake.

"Jana," alisema, lakini mkono hakuuondoa.